Kung Fu Hustle: picha la ngumi au katuni? Tumalizane hapa

Kanda Mbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi nilirusha kwenye kundi letu la WhatsApp kipande cha Kung Fu Hustle, kile cha visu. Muda si mrefu kundi likagawanyika. Wengine wanatuma vile vikaragosi vya kucheka hadi machozi, wengine wananiuliza kama nimerudi chekechea. Mmoja akaandika: "Tuletee picha la ngumi, Tom na Jerry waachie wanao." Nikaona nihamie huku kwenye watu wa sinema.

Kwa ambao hawajaiona, Sing ni mhuni wa hovyo anayetamani kuingia genge la mashoka. Anachezwa na Stephen Chow, ambaye ndiye aliyeiongoza picha yenyewe. Yeye na rafiki yake mnene wanamnyemelea mama mwenye nyumba ili wamuue, wamejibanza chini ya dirisha. Anarusha kisu. Kisu kinagonga, kinarudi, kinamkita begani. Rafiki anataka kusaidia, Sing anachomwa tena. Hawawezi kupiga kelele maana watasikika, kwa hiyo ugomvi wote unaendeshwa kwa kunong'ona, mtu ana visu mwilini. Wanahamia kwenye nyoka. Nyoka nao wanaishia usoni kwa Sing na kumng'ata midomo.

Sasa mnaosema ni ya watoto, nisikilizeni. Picha ilitoka Hong Kong mwishoni mwa 2004 na kuvunja rekodi ya mapato ya filamu za kwao, rekodi iliyokuwa inashikiliwa na Shaolin Soccer ya 2001, ya huyohuyo Chow. Mwaka 2005 ikabeba tuzo ya Picha Bora kwenye tuzo za filamu za Hong Kong. Marekani waliipa daraja la R, yaani mtoto wa chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima. Na wana sababu: pale mwanzoni tu bosi wa genge pinzani anakatwa mguu kwa shoka katikati ya barabara, mkewe anaambiwa aende zake, akigeuka anapigwa risasi ya mgongo. Halafu genge linaanza kucheza dansi, suti nyeusi na kofia ndefu. Katuni gani hiyo?

Msimamo wangu ni kwamba anayesema vichekesho vimeharibu picha za ngumi hajui hizo ngumi zilikotoka. Walioleta ngumi na walioleta vichekesho ni watu walewale. Naomba kuwasilisha.

Nyama Choma ya Jumapili

Nipo siti ya mbele. Povu lije.

Stelingi Hafi

Mkuu Kanda Mbili, heshima yako, ila hapa umechemka.

Sisi tulioanza na Bruce Lee tunajua picha la ngumi lilikuwa na kazi gani. Chukua Fist of Fury ya 1972. Pale kwenye lango la bustani Shanghai kuna bango: mbwa na Wachina hawaruhusiwi. Lee anaruka, anakutana na lile bango hewani, analipasua kwa teke. Nimeiangalia ile picha ukumbini nikiwa nimekaa na watu waliozaliwa chini ya mkoloni. Watu walisimama kwenye viti, na sikuona aliyecheka. Kila mmoja alikuwa na bango lake kichwani.

Halafu anakuja huyu Jackie Chan. Anapiga mtu, halafu anapepea mkono, "aii, aii, inauma". Anakimbia adui mmoja, anajificha chini ya meza, anapigana na ngazi. Mzungu kaipenda sana hiyo, unajua kwa nini? Mchina anayechekesha hamtishi mtu. Bruce Lee alikuwa anatisha. Huyo Chow wenu naye kaja kumalizia, kaichukua kung fu kaifanya mzaha kabisa, watu wanakimbia miguu inazunguka kama magurudumu.

Stelingi gani anachomwa kisu na rafiki yake?

Fundi Redio

Kaka Stelingi Hafi, hoja ya bango naikubali yote. Ila hiyohiyo Fist of Fury umeiruka katikati. Lee anapotaka kuwapeleleza Wajapani anajifanya fundi simu, kavaa miwani na kofia, anachekacheka kama zuzu. Uso wote umebadilika. Ile ni komedi, na anaifanya vizuri sana.

Njoo Way of the Dragon, 1972 hiyohiyo, aliyoiongoza mwenyewe. Wengi wanakumbuka pambano na Chuck Norris kule Colosseum tu. Mwanzo wake je? Jamaa kafika uwanja wa ndege Roma, ana njaa, lugha hajui, anaagiza chakula kwa kunyooshea kidole kwenye menyu, analetewa supu juu ya supu. Anazinywa zote kwa aibu. Baada ya hapo kila anakofika anauliza choo kiko wapi. Bruce Lee huyo, mzee wa kutisha.

Na samahani, jina lako na picha yako vinagombana. Mwisho wa Fist of Fury anatoka mlangoni, anawarukia watu wenye bunduki, picha inaganda, tunasikia risasi. Pale stelingi kafa.

Nyama Choma ya Jumapili

😂😂😂 Abadilishe jina.

Kanda Mbili

Fundi Redio kanipunguzia kazi. Mimi nijibu hili la Mzungu, maana linasemwa sana na liko kichwa chini.

Fuatilia mtiririko. Mwaka 1976 mwongozaji Lo Wei alimchukua Jackie Chan akamtengenezea New Fist of Fury. Alitaka Bruce Lee mpya: uso mkavu, hasira, kisasi. Watu hawakuja. Akaendelea kumpa picha za namna hiyo, nazo zikawa zinaanguka. Mwaka 1978 Chan akaazimwa kwa kampuni nyingine ndogo ya hapohapo Hong Kong, kwa mwongozaji Yuen Woo-ping, wakafanya Snake in the Eagle's Shadow na baadaye Drunken Master. Zote mbili kijana ni mzembe anayepigwa kama ngoma mpaka afundishwe na mzee mwenye maudhi. Hong Kong nzima ikahamia huko. Mzungu bado hajaingia kwenye hadithi.

Mzungu alipoingia alitaka nini? Mwaka 1985 Wamarekani walimuweka kwenye The Protector, askari mkali wa mtindo wa kwao, bunduki na sura ngumu. Chan hakuridhika kabisa, hata toleo la Hong Kong akalikatakata na kupiga upya baadhi ya vipande. Mwaka uleule akatengeneza Police Story ya kwake, ile ya kuteleza kwenye nguzo yenye taa ndani ya jengo la maduka. Kwa hiyo kaka, wageni ndio waliotaka asichekeshe. Marekani walikuja kumwelewa mwaka 1996 walipooneshwa Rumble in the Bronx, na huyo waliyemwelewa alikuwa keshapikwa na watu wa kwao zamani.

Sensei Mstaafu

Habari zenu vijana. Nimefundisha karate kwa muda mrefu, na mgawanyiko huu nimeuona kwa wanafunzi wangu mwenyewe.

Mimi sina ugomvi na kucheka. Ugomvi wangu ni mwili. Ukitazama Drunken Master ya 1978, kijana ananing'inizwa kichwa chini, anachota maji kwa vikombe vidogo kutoka pipa la chini na kujaza pipa la juu. Watu wanacheka. Mimi naangalia tumbo lake. Huwezi kudanganya lile zoezi, na kamera iko mbali kiasi cha kukuonesha mtu mzima, kichwa mpaka miguu. Hata zile ngumi za kilevi ukizichunguza, anayumba mabega lakini kiuno hakipotei. Kuyumba kwa hiari ni kazi ngumu kuliko kusimama.

Nikija kwa Stephen Chow naona waya za kuinulia watu na kompyuta. Mtu anapaa hadi mawinguni, anashuka na kiganja kinachoacha alama ya mkono ya ukubwa wa jengo. Sawa, nimeona. Lakini nimekosa cha kumheshimu, kwa sababu hakuna aliyefanya kile kitu. Mwanafunzi wangu mmoja alikuja akiamini ile ngumi ya chura ya kwenye picha ipo kweli na akaitaka tumfundishe.

Ukitaka komedi yenye kung fu ya kweli tazama The Prodigal Son ya 1981, ya Sammo Hung. Mtoto wa tajiri anajiona bingwa wa mji kwa sababu kila anayepigana naye kalipwa aanguke. Siku anakutana na mcheza opera mwenye pumu ambaye hajalipwa. Wing Chun ya mle, huo ni mtindo wa kung fu, ni ya uhakika, mikono imekaa inapotakiwa.

Kanda Mbili

Sensei, shikamoo. Umenigusa pale penye ukweli, lile pambano la mwisho la mawinguni hata mimi silitetei sana.

Ila tuangalie Chow aliwaweka kina nani mbele ya hizo kompyuta. Yule fundi cherehani mwenye pete za chuma mikononi ni Chiu Chi-ling, mwalimu halisi wa Hung Gar, mtindo mwingine wa kung fu. Yule kuli wa mateke ni Xing Yu, aliyekulia Shaolin. Yule mzee wa malapa na fulana, bingwa anayetolewa hospitali ya vichaa, ni Bruce Leung, aliyekuwa nyota wa ngumi miaka ya sabini na alikuwa amekaa nje ya sinema kwa miaka mingi. Mapigano yalianza kupangwa na Sammo Hung wako, akaondoka, akayapokea Yuen Woo-ping. Mtu anayetaka mzaha tu hasumbuki kukusanya wazee wote hao. Angechukua vijana wazuri wa sura na kuwabandika kwenye kitambaa cha kijani.

Na baba mwenye nyumba, yule mlevi mwembamba mwenye suruali ya kulalia, ni Yuen Wah. Sasa rudi kwenye Enter the Dragon ya 1973. Zile sarakasi unazodhani karuka Bruce Lee, zilirukwa na Yuen Wah. Yule mnene anayepigana na Lee pale mwanzo ni Sammo Hung. Na kule chini ya ardhi kuna kijana Lee anamshika nywele na kumvunja shingo: Jackie Chan. Picha takatifu ya wazee wetu imejaa wachekeshaji watupu, wakati huo hawajaruhusiwa kuchekesha.

Mgeni Rasmi

Swali la kizembe: hawa akina Yuen ni ndugu? Kila mtu Yuen.

Fundi Redio

Siyo wote. Yuen Woo-ping ni jina la ukoo wake. Baba yake, Yuen Siu-tien, ndiye yule mzee mlevi anayefundisha kwenye Drunken Master. Wale wengine, Yuen Wah, Yuen Biao, Corey Yuen, hata mama mwenye nyumba Yuen Qiu, walipewa hilo Yuen na mwalimu wao. Mzee Yu Jim-yuen alikuwa na shule ya opera ya Peking pale Hong Kong, ile michezo ya jukwaani ya Kichina yenye nyimbo na sarakasi; watoto wanaachwa kwake kwa mkataba, wanalala hapohapo, wanakula fimbo, wanasimama kwa mikono muda ambao mtu mzima angelia. Jackie Chan pale alikuwa Yuen Lo, Sammo alikuwa Yuen Lung.

Na hapa ndipo hoja ya Kanda Mbili inaposimama kwa miguu miwili. Kwenye opera ile mchekeshaji ana cheo chake kamili, anapakwa nyeupe puani na kuzunguka macho. Kuna mchekeshaji wa maneno na kuna mchekeshaji wa vita. Huyu wa vita anatakiwa kuwa na sarakasi kali kuliko shujaa, maana shujaa anaweza kusimama na kupendeza, yeye hawezi.

Tafuteni mchezo mmoja unaitwa San Cha Kou. Watu wawili wamo kwenye chumba cha nyumba ya wageni, usiku, giza totoro. Ila jukwaa lina taa zote zimewashwa. Wewe unawaona, wao hawaonani. Mmoja anapapasa meza, mwenzake yuko upande wa pili wa meza ileile. Upanga unapita juu ya kichwa kilichoinama sekunde hiyohiyo kwa sababu nyingine kabisa. Wanasogea mgongo kwa mgongo, wanagusana, wote wanaganda. Ukumbi unacheka na kushika roho kwa wakati mmoja. Mmoja ni shujaa, mmoja ni yule mwenye nyeupe puani, na ukikosea hatua moja mtu anakatwa kweli.

Ukishauona ule mchezo, ukirudi kwenye visu vya dirishani utajua Chow anachezea nini.

Jirani wa Nairobi

Wakuu, hii thread ni moto. Huku kwetu kuna mgawanyiko mwingine hamjautaja: wa wale wanataka muvi yenyewe na wale wanataka DJ Afro, yule anasimulia muvi kwa Kiswahili juu ya sauti yake. Mimi hizi muvi nyingi nilizijua kwa sauti yake. Hata muvi ya huzuni, akishaingia na zile hadithi zake watu wameanguka kwa benchi. Kuna jamaa alikuja kuona ile muvi kwa lugha yake ikiwa na maandishi chini, akasema wameiharibu, imekuwa serious sana.

Na majirani wetu Kampala wamefika mbali zaidi. Wale wa Wakaliga, Isaac Nabwana na Who Killed Captain Alex? ya 2010. Ni kung fu, bunduki za vyuma chakavu, damu za rangi, na juu ya yote kuna VJ Emmie anapiga kelele ndani ya muvi yenyewe, anawacheka stelingi, anawasifu, anatangaza muvi zingine. Hiyo sauti ni sehemu ya filamu. Watu wa nje wakiona wanacheka, ila swali ni lile la Stelingi Hafi: wanacheka na sisi ama wanatucheka?

Kanda Mbili

Jirani umeleta kitu kizito. Huku nasi tulikuwa na watafsiri wa picha, akina Lufufu. Mimi kwenye kibanda umiza nilichokulia, mtafsiri wetu alikuwa anampa kila adui jina la mtu wa mtaani mwetu mwenye deni. Adui akipigwa, watu wanaangalia nyuma kuona kama mwenye jina yupo.

Kwa hiyo hata Bruce Lee mwenyewe, Stelingi Hafi, wengi wetu tulimpokea akiwa keshachanganywa na mzaha wa mtu wa hapa. Ule ukimya wa ukumbini unaousema ulikuwepo, ila vibandani kulikuwa na kelele tupu.

Shangazi Mkali

Nimesoma kurasa zote mnazungumzia wanaume tu. Mama mwenye nyumba mmemtaja kwa kupita.

Nimepanga nyumba za watu tangu nimalize shule, namjua yule mama. Rola kichwani, gauni la kulalia, sigara mdomoni haianguki hata akifoka. Kuna kinyozi kajipaka sabuni kichwa kizima, anaoga nje, maji yanakatika. Anauliza kwa nini, anapata majibu yake. Wangapi humu tumefungiwa maji tukiwa na sabuni usoni? Mimi pale nilisimamisha picha nikampigia dada yangu.

Halafu kumbe ndiye bingwa kuliko wote. Akivuta pumzi na kupiga ule ukelele wa simba, vioo vinapasuka, nguo zinachanika, wahuni wanapeperushwa. Nguvu yake kuu ni ileile iliyokuwa inawakera wapangaji mwaka mzima. Huo uandishi ni wa akili.

Na Yuen Qiu mwenyewe, mbali na kutoka shule ile ya fimbo, alionekana kwenye picha ya James Bond ya 1974, mmoja wa wale wasichana wawili wanaopiga shule nzima ya karate. Akaolewa, akaacha. Kwenye Kung Fu Hustle alienda kumsindikiza mtu kwenye usaili tu, Chow akamwona. Ikabidi aongeze kilo.

Mume wangu haipendi. Anasema mwanamke anampiga mumewe, anamtupa dirishani, na chungu cha maua kinamfuata kichwani. Nikamuuliza zile picha zenu ambazo mwanamke kazi yake ni kutekwa mwanzo na kuokolewa mwisho, mbona hulalamiki? Kaenda kulala.

Ila na mimi nina la kwangu. Yule binti wa pipi hana sauti hata moja, kafanywa bubu ili Sing apate kujutia utoto wake. Na yule fundi cherehani anachekwa kwa mwendo wake na sauti yake, baadaye ndiyo tunaambiwa tumheshimu. Sikucheka pale.

Nyama Choma ya Jumapili

Van Damme anawapiga wote hawa kwa mguu mmoja huku kapiga msamba.

Mgeni Rasmi

Nenda ukafungue uzi wako.

Sensei Mstaafu

Huyu dada kaongea vizuri. Niongeze jambo kwa upande wangu, msidhani wagumu ni mimi na Stelingi Hafi tu.

Drunken Master II ya 1994. Mwongozaji alikuwa Lau Kar-leung. Baba yake alisoma kwa Lam Sai-wing, na Lam alisoma kwa Wong Fei-hung mwenyewe, yule ambaye Jackie anamwigiza. Yaani mzee alikuwa anaongoza picha kuhusu babu yake wa kisanaa. Akataka Hung Gar na ulevi vikae kwa utaratibu wa zamani. Jackie akataka kuruka, kuanguka, moto, viti. Hawakuelewana, mzee akaondoka kabla picha haijaisha, na pambano la mwisho la kiwandani likapigwa bila yeye.

Bado lile pambano la mapema chini ya behewa la treni, Jackie na huyo mzee mwenyewe, mkuki na upanga, watu wamejikunja kwenye nafasi ya kutambaa, kwangu ndilo bora. Nyinyi mtasema la kiwandani. Kwa hiyo hata mabingwa walioshika kazi hii mikononi waligawanyika palepale mnapogawanyika nyinyi.

Fundi Redio

La kiwandani, Sensei, bila aibu. Pale anaposukumwa akaangukia makaa ya moto na kurudi nyuma kwa makalio na viganja, yale makaa yalikuwa ya kweli, na alirudia.

Lakini hiyo picha ina mgawanyiko mwingine mkubwa zaidi. Jackie anakunywa spiriti ya viwandani ili apate nguvu ya kumshinda adui wa mwisho, Ken Lo, na miguu yake ile. Toleo la Hong Kong linaisha na kichekesho kifupi: Wong Fei-hung kaharibika akili kwa ile pombe, anachezesha uso kama taahira. Ilipopelekwa Marekani mwaka 2000 kipande hicho kikakatwa, picha ikaisha na ushindi. Shaolin Soccer nayo Wamarekani walipoichukua walikaa nayo, wakaikata zaidi ya dakika 20, wakaitoa 2004.

Kwa kawaida nachukia mkasi. Ila kile kipande cha mwisho, ndugu zangu, nikikaa na mtu mwenye ndugu mgonjwa wa akili nyumbani, sikiwashi.

Stelingi Hafi

Ahaa. Sasa tunakuja kwenye mstari. Ndicho ninachosema tangu mwanzo: kicheko kina mtu kinamlenga.

Kanda Mbili

Kina mtu, ndiyo. Hebu tuangalie kwenye picha nzuri za aina hii kinamlenga nani.

Project A, 1983. Jackie kaning'inia kwenye mshale wa saa juu ya mnara. Wazo lile kalitoa kwa Harold Lloyd, mchekeshaji wa sinema bubu, aliyening'inia kwenye saa mwaka 1923. Mikono inachoka. Anaachia. Anapasua turubai la kwanza, la pili, anafika chini kwa namna mbaya. Alirudia zaidi ya mara moja, na kwenye picha wakaonesha anguko zaidi ya moja, mfululizo, kama vile wanakuambia usidhani ni ujanja wa kamera. Anayechekwa pale ni yeye aliyeanguka, na ndiye aliyelipanga anguko lenyewe.

Bruce Lee akipiga mtu, wewe uliyekaa kwenye benchi unapata nguvu. Jackie akipiga mtu halafu akapepea mkono, unapata mkono. Unaujua ule uchungu, umeshagonga kiwiko kwenye mlango. Mgawanyiko wetu wote humu, kwa maoni yangu, uko hapo: kuna mtazamaji anataka stelingi asiumie, kuna anayetaka aumie na aendelee. Wa kwanza akimwona Jackie anahisi kadanganywa. Wa pili akimwona Bruce Lee anajipapasa kifuani kwa utulivu anaona mtu wa mbali sana.

Chow ndiye mkorofi, maana amewachokoza wote wawili. Nusu ya kwanza ya Kung Fu Hustle Sing anaumia tu: visu, nyoka, kuchapwa na wapangaji. Nusu ya mwisho anageuka Bruce Lee kabisa, hata mavazi, shati jeupe na suruali nyeusi, anapanga wahuni mstari na kuwakanyaga miguu mmoja mmoja. Mashabiki wa visu wanachoka hapo. Mashabiki wa Bruce Lee walishatoka zamani.

Mgeni Rasmi

Mimi ni wa vipande vya dakika moja kwenye simu, sijawahi kuimaliza. Leo usiku naiangalia yote.

Shangazi Mkali

Angalia kwa sauti ya Kikantoni na maandishi. Ile ya Kiingereza imeua ukelele wa mama. Na pale baba na mama mwenye nyumba wanapotaja majina yao ya zamani, wanajiita kwa majina ya wapenzi wawili maarufu wa riwaya za Jin Yong. Ni sawa na wazee wawili wenye bandama wajiite Romeo na Juliet. Wachina walicheka ukumbi mzima, wageni wakapita bila kuona kitu.

Jirani wa Nairobi

DJ Afro angewapatia majina ya Kayole hapo, tungecheka pia 😂

Stelingi Hafi

Nimesoma yote. Way of the Dragon nimeirudia jana, hizo supu ni kweli zipo, na bado nasema alizinywa kwa heshima. Prodigal Son nitaitafuta kwa sababu Sensei kasema Wing Chun yake ni ya uhakika. Mwenye nayo iliyo safi anitumie ujumbe.

Hiyo ya visu siangalii.